Jinsi ya kuwasha maelezo ya sauti na kufuata filamu za mtandaoni ukiwa huoni

Swali huja kwa sura tofauti, lakini ni lilelile. "Nimelipia, filamu inacheza, mbona yule mtu wa kueleza haongei?" Mwingine hunitumia ujumbe wa sauti usiku wa manane: "Nilimsikia kwa shemeji yangu, kwangu hayupo." Na wa tatu, mara nyingi ni aliyepoteza uoni karibuni, huuliza kwa aibu kidogo kama kuna maana ya kukaa mbele ya runinga tena. Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo nayaandika yote hapa.

Mimi sioni kabisa. Kwa miaka mingi msimulizi wangu alikuwa mpwa wangu, na alikuwa akiisahau kazi yake kila filamu iliponoga. Kimya kirefu, muziki wa hatari, halafu "Loo!" Loo nini? "Subiri, anko, nitakwambia." Filamu inaisha hajaniambia. Mwongozo huu ni wa kukupatia msimulizi asiyesahau, na umwashe mwenyewe bila kumwita mtu ashike rimoti.

Maelezo ya sauti ni mkondo mwingine wa sauti ya filamu ileile. Mazungumzo, muziki na vishindo vyote vimo, na katika mapengo msimulizi hutaja yanayoonekana: nani kaingia, kashika nini, uso umebadilikaje, ujumbe gani umetokea kwenye simu ya mhusika. Wazo hili si la jana. Margaret na Cody Pfanstiehl walisimulia mchezo wa jukwaani kwa wasioona katika ukumbi wa Arena Stage, Washington, mwaka 1981. Netflix ilianza Aprili 2015 na tamthilia ya Daredevil, baada ya watazamaji kulalamika kwamba shujaa wake ni kipofu, lakini kipofu hawezi kuifuata. Nadharia inatosha.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Simu janja, hata kama nia yako ni runinga. Simu ndiyo mahali pepesi pa kujifunzia, kwa sababu kisoma skrini, yaani programu inayokusomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini, kimo tayari: VoiceOver kwenye iPhone, TalkBack kwenye simu nyingi za Android. Mwenye kompyuta ya Windows anaweza kutumia NVDA, ambayo ni ya bure.

Akaunti ya jukwaa lenye maelezo ya sauti. Netflix, Disney+, Prime Video na huduma ya Apple zote zinayo, na hakuna malipo ya ziada. Mtu akikuambia kuna kifurushi maalumu cha wasioona, anakuuzia hewa.

Hedifoni za waya. Sababu utaiona kwenye hatua ya saba.

Programu ya Be My Eyes kwenye simu. Hiyo ni ya siku runinga itakapokataa kusema: mtu wa kujitolea huangalia kupitia kamera yako na kukusomea skrini.

Nusu saa bila watu pembeni. Hili nalisisitiza. Mwenye macho akiwa karibu atakunyang'anya simu "akusaidie", atabonyeza vitu vitano kwa sekunde tatu, itafanya kazi, na kesho utakuwa palepale.

Hatua kwa hatua

1. Washa kisoma skrini na ujue ishara nne.

Kwenye Android, bana vitufe vyote viwili vya sauti pamoja kwa sekunde tatu hivi. Kwenye iPhone, mwambie Siri "Turn on VoiceOver". Ishara za kuanzia ni hizi: telezesha kidole kimoja kulia kwenda kitu kinachofuata, telezesha kushoto kurudi, gusa mara mbili kufungua, gusa mara mbili kwa vidole viwili kusimamisha filamu au kuiendeleza. Hiyo ya nne ndiyo itakayokuokoa zaidi. Ifanye mpaka vidole viizoee.

2. Angalia sauti ya kisoma skrini inasoma kwa lugha gani.

Hapa ndipo wengi wetu hukwama bila kujua. Menyu ya programu ikiwa ya Kiingereza na sauti ya kisoma skrini ikiwa ya Kiswahili, maneno "Audio Description" yatasomwa herufi kwa herufi kama yalivyoandikwa, a-u-di-o, de-skri-p-ti-on, nawe utayapita ukidhani ni takataka za skrini. Badili sauti iwe ya Kiingereza wakati wa kutafuta, au lisikilize neno hilo likisomwa vibaya mara tatu nne ili ulitambue hata likija limevaa kanzu. Baadhi ya programu hufupisha na kuandika "AD" tu.

3. Washa swichi ya mfumo mzima.

Kwenye iPhone ingia kwenye mipangilio, kisha "Accessibility", kisha "Audio Descriptions", uwashe. Android 13 na za baada yake zina swichi kama hiyo chini ya sehemu ileile ya ufikivu. Maana yake ni kuziambia programu kwamba mwenye simu hii anataka maelezo ya sauti kila yanapopatikana.

Angalizo: usiishie hapa. Programu nyingine huitii swichi hii, nyingine haina habari nayo. Watu wengi wanaonipigia wamewasha swichi, wakaketi, wakasubiri. Ni ombi tu lile, halilazimishi mtu.

4. Jitengenezee profaili yako ndani ya akaunti.

Kama akaunti ni ya familia, usitumie profaili ya mtu mwingine. Majukwaa mengi hukumbuka chaguo la sauti kwa kila profaili. Ukishiriki na wengine, leo utawasha, kesho mtoto atazima kwa sababu "kuna mtu anaongea ongea", na keshokutwa utanipigia simu.

5. Chagua filamu ambayo unajua ina maelezo.

Usianze na ile unayoipenda. Anza na iliyotengenezwa na jukwaa lenyewe, zile zenye jina la jukwaa mwanzoni, kwa kuwa hizo ndizo zenye uwezekano mkubwa zaidi. Kwenye Netflix unaweza kuandika "audio description" kwenye sehemu ya kutafuta ukapata orodha. Baraza la Wasioona la Marekani, American Council of the Blind, lina mradi wake uitwao Audio Description Project unaoorodhesha filamu na vipindi vyenye maelezo kwa kila jukwaa. Orodha hiyo imeegemea Marekani, kwa hiyo kilichomo humo si lazima kiwepo kwenye akaunti yako, lakini ni pa kuanzia.

6. Badili mkondo wa sauti.

Hii ndiyo hatua yenyewe. Fungua filamu, iache icheze sekunde kadhaa, kisha gusa mara mbili kwa vidole viwili isimame. Isimamishe kwanza! Vitufe vya skrini hujificha vyenyewe baada ya muda mfupi filamu ikiwa inacheza, nawe utakuwa unatelezesha kidole juu ya skrini tupu ukifikiri simu imekufa. Kama vimeshajificha, gusa katikati ya skrini virudi.

Sasa telezesha kulia taratibu mpaka usikie kitufe kinachotaja sauti na manukuu, mara nyingi "Audio and Subtitles". Gusa mara mbili. Utakuta orodha mbili: ya sauti na ya manukuu. Katika orodha ya sauti tafuta jina la lugha likifuatwa na "Audio Description", kwa mfano "English – Audio Description". Gusa mara mbili, funga menyu, endelea.

Angalizo la kwanza: manukuu siyo maelezo ya sauti. Neno "CC" au "SDH" ni maandishi kwa ajili ya wasiosikia. Nimekutana na mtu aliyewasha manukuu kwa miezi miwili akilaumu kwamba msimulizi ana sauti ndogo mno.

Angalizo la pili ni la tamthilia za Kikorea, Kihispania, Kituruki na nyinginezo. Maelezo ya Kiingereza kwa kawaida huja pamoja na sauti za waigizaji zilizotafsiriwa kwa Kiingereza. Ukibaki na sauti ya asili utapata Kikorea kitupu na maandishi ambayo huyaoni. Wenye macho hupenda sauti ya asili na watakucheka kwa kuchagua ya kutafsiriwa. Waache wacheke, wao wanasoma.

Baada ya kubadili, rudi mwanzo kabisa wa filamu. Msimulizi huanza mapema, mara nyingi kwa kutaja nembo za watengenezaji, kabla hata mtu hajafungua mdomo. Ukisikia kitu kama herufi nyekundu kwenye weusi, umefika. Dakika mbili zikipita kimya, bado hujafika, nenda kwenye sehemu ya matatizo huko chini.

7. Kutazama na wenye macho.

Swali hili ndilo linalogombanisha nyumba: je, naweza kusikia maelezo mimi peke yangu? Kwa mkondo uliochanganywa, jibu ni hapana. Msimulizi yumo ndani ya sauti ya filamu, na runinga ikimtoa, inamtoa kwa wote sebuleni. Wengine hawajali, na baadhi ya marafiki zangu wanaoona sasa hudai yawashwe kwa sababu humo hutajwa vitu wao hawakuvigundua. Wengine hulalamika mpaka unazima mwenyewe kwa kuona haya.

Njia ninayoitumia ni hii. Runinga icheze filamu kwa sauti ya kawaida. Wewe fungua filamu hiyohiyo kwenye simu yako, kwenye profaili yako, ikiwa na maelezo. Vaa hedifoni sikio moja tu, sikio lingine liachie chumba, maana kutazama na watu ni pamoja na kusikia vicheko vyao. Zote mbili zirudishwe mwanzo. Mhesabu "moja, mbili, tatu", mbonyeze pamoja.

Hazitalingana mara ya kwanza. Subiri sauti kali na fupi, mlango kubamizwa au kofi, halafu sikiliza ipi imetangulia. Ya simu ikiwa mbele, isimamishe na uiachie upesi, mara moja au mbili, mpaka zikutane. Ikiwa nyuma, ni rahisi zaidi kumwomba aliye na rimoti asimamishe runinga kidogo. Hedifoni za bluetooth huchelewesha sauti kwa sehemu ya sekunde, ndiyo maana nikasema za waya: kwa filamu unayotazama peke yako ucheleweshaji huo hauna madhara, lakini ukilinganisha na runinga utasikia kila neno likiwa na mwangwi. Kama simu yako haina tundu la hedifoni, nunua kiunganishi chake.

Mambo mawili ya kuhakikisha kabla: kifurushi chenu kinaruhusu vifaa viwili kucheza kwa wakati mmoja, na simu haisomi arifa kila dakika. Washa hali ya kutosumbuliwa.

Na tukiwa kwenye simu: mwenye iPhone, ukigusa mara tatu kwa vidole vitatu VoiceOver ikiwa imewashwa, skrini inazimika kabisa na filamu inaendelea. Betri inadumu, na jirani wa kwenye basi hajui unatazama nini.

8. Hamia kwenye runinga.

Ukishaweza kwenye simu, runinga ni ileile ila kwa rimoti. Kwanza ifanye iseme. Fire TV: bana kitufe cha kurudi na kitufe cha menyu pamoja kwa sekunde mbili. Roku: bonyeza kitufe cha nyota mara nne upesi. Kifaa cha Apple TV: bana kitufe cha Siri useme "Turn on VoiceOver". Runinga nyingi za Samsung: bana kitufe cha sauti mpaka menyu ya ufikivu itokee. Kisha fungua filamu, isimamishe, na utafute menyu ya sauti kama ulivyofanya kwenye simu.

Angalizo: runinga nyingi zina mpangilio wao wenyewe uitwao "Audio Description". Huo ni wa matangazo ya kawaida ya televisheni, hauigusi filamu ya mtandaoni. Kuuwasha hakudhuru, ila usiketi ukiutegemea.

Ukirusha filamu kutoka simu kwenda runinga, angalia upya chaguo la sauti baada ya kuunganisha. Wakati mwingine maelezo hubaki njiani.

9. Ukipakua kwa safari, jaribu kabla ya kuondoka.

Chagua mkondo wenye maelezo kwanza, kisha pakua. Baada ya hapo zima intaneti, fungua filamu, sikiliza dakika mbili. Kuna programu zinazopakua mkondo mmoja tu wa sauti, na hakuna safari ndefu kama ile ya saa sita na filamu bubu ya mapigano.

Masikio yakizoea

Filamu mbili tatu za mwanzo zitakuchosha. Msimulizi na waigizaji watakuwa wanagombania kichwa chako, na utatamani kumzima. Vumilia kidogo. Anza na tamthilia yenye wahusika wachache, si filamu ya vita yenye majina ishirini. Ukifika kipindi cha tatu utagundua humsikii tena msimulizi kama mtu wa pembeni.

Kuna wakati atataja jambo sekunde chache kabla halijatokea. Si kosa. Anaingiza maneno palipo na pengo, na waigizaji wakiongea mfululizo, pengo ni la mapema au la kuchelewa. Jambo linaloniudhi mimi ni jingine: sauti ya kompyuta kutumika badala ya mtu. Baadhi ya majukwaa hufanya hivyo ili kupata vipindi vingi kwa gharama ndogo. Kwenye kipindi cha mapishi au cha magari naivumilia. Kwenye msiba, mama kamkumbatia mwanawe, halafu mashine inasema "analia" kwa sauti ileile iliyosema "gari jekundu linapita", hapo nazima. Wapo wenzangu wanaosema bora hiyo kuliko kukosa kabisa, na siwezi kuwakatalia.

Yakikataa

Hakuna chaguo la maelezo kwenye menyu. Inawezekana filamu hiyo haina, au inayo kwenye jukwaa jingine. Maelezo hayaifuati filamu kila inapokwenda: filamu inaweza kuwa ilisimuliwa kwa ajili ya kumbi za sinema, kisha jukwaa likanunua picha bila mkondo wa maelezo. Na haki huhama. Daredevil yenyewe iliondoka Netflix mwaka 2022, ikaenda Disney+. Jaribu pia kubadili lugha ya profaili, maana baadhi ya programu huonyesha lugha chache tu kulingana na mpangilio huo.

Yalikuwepo kipindi cha kwanza, cha pili hayapo. Ama programu imesahau chaguo lako, ama kweli kipindi kile kiliwekwa bila mkondo. Fungua menyu uhakikishe. Mara kwa mara msimu mzima una maelezo, na kipindi kimoja katikati kimerukwa.

Msimulizi anasikika, waigizaji wako mbali. Kama unatumia spika nyingi au spika ndefu ya runinga, badili mpangilio wa sauti kutoka sauti ya mzunguko kwenda stirio. Mchanganyiko wenye maelezo si lazima uwe wa aina moja na ule wa kawaida.

Sauti ya filamu inashuka kila unapogusa skrini. Hiyo ni kazi ya kisoma skrini, kinaipunguza ili usikie. Kwenye mipangilio ya VoiceOver na ya TalkBack unaweza kuzima upunguzaji huo.

Runinga imekaa kimya kwenye menyu ya programu fulani tu. Programu hiyo haikujengwa vizuri. Piga Be My Eyes, elekeza kamera, mtu akusomee. Usihangaike kupiga picha ya skrini ya simu ili akili mnemba ikueleze tukio la filamu: ulinzi wa hakimiliki huifanya picha hiyo itoke nyeusi tupu.

Umejaribu yote. Zima programu kabisa, isasishe, ukiwashe upya kifaa. Ikishindikana, waandikie huduma kwa wateja, na usiandike "maelezo hayafanyi kazi", kwa kuwa watakujibu uzime na uwashe. Andika jina la kipindi, msimu, namba ya kipindi, kifaa, toleo la programu, lugha uliyochagua, na dakika msimulizi alipokatika. Wakikuambia wanalishughulikia, weka tarehe hiyo kwenye simu, na baada ya mwezi rudi kwenye kipindi kilekile, dakika ileile, usikilize.